Birika na Samova

Baba mkubwa Anyelwisye alirudi kutoka Leeds
na birika la kauri lenye ufa mwembamba mdomoni
na desturi ya kutanguliza maziwa.
Baba yangu, Ambilikile, alirudi kutoka Voronezh
na samova yenye kitambi kama cha chifu,
diploma ya ujenzi wa madaraja,
na kikohozi cha baridi ambacho mvua ya Tukuyu
haikumpa nafasi ya kukisahau.

Majani yalikuwa yaleyale, ya Katumba,
tuliyachuma wenyewe, mawili na chipukizi.
Ila jioni barazani zilikaa falme mbili,
na mimi, Tumpe, nikawa mleta kuni wa huyu
na mkamua ng'ombe wa yule.

"Mlikuja kwetu mmepotea," baba huanza.
"Mnaitafuta China, mkaangukia kwenye barafu.
Tukawavika manyoya, tukawalisha, tukawafungulia soko."
"Nasi tukawaletea nguo nzuri," hujibu baba mkubwa,
"mkatuuzia nta, na kamba za meli zetu."
"Kwa kamba hizohizo mkaja kutupiga Krimea!"
"Krimea mlianza ninyi."
Hapo mvua huzidi, bati huwameza wote wawili,
wakaendelea kubishana kwa vidole.

Mama akipita na sinia huuliza:
"Sisi nani? Ninyi nani?
Mmoja kazaliwa mwaka wa nzige,
mwingine mwaka vijana walipochukuliwa kwenda Burma,
tumbo moja, hapo Masoko chini."
Hawakumsikia. Walikuwa Afghanistan,
kila mmoja akimzuia mwenziwe asivuke mlima
ambao hakuna kati yao aliyewahi kuuona.

Baba alikaribia kushinda mara moja:
"Wao husema chai. Chai, kama sisi!
Waingereza wako wanasemaje?"
Baba mkubwa akakoroga kikombe muda mrefu.
"Na ile ya chini ya meza,
ya karani asiyesogeza faili, wanaiitaje?"
Baba akautazama mlima Rungwe, uliokuwa umefichwa na ukungu.
"Chai," akasema.
Walicheka mpaka mbwa akaondoka.

Yalikuwepo mambo ambayo sauti zilishuka.
Meli za Waingereza zilizopita baharini kwenye barafu
zikiwapelekea Warusi vifaru na viatu,
mabaharia wakifa dakika chache baada ya kugusa maji:
hilo baba alilikubali bila masharti,
akamwongezea kaka yake kijiko cha sukari.

Na wale wafalme binamu,
ndevu zilezile, macho yaleyale, ungedhani pacha.
Mmoja alipopinduliwa, mwenzake alifikiri kumpokea,
kisha akafikiri tena.
Hapo baba mkubwa hakumtetea mtu.
"Ndugu," alisema tu, akainama,
akayapuliza makaa ya samova isiyokuwa yake.

Tulimzika msimu wa parachichi.
Birika alilichukua binti yake, akaenda nalo Mbeya,
likavunjika njiani, pale Uyole, ndani ya kitenge.

Kisha asubuhi moja redio ikatangaza
London imewafukuza maofisa wa ubalozi wa Moscow.
Siku chache baadaye Moscow ikawafukuza wa London,
idadi ileile, kichwa kwa kichwa.
Baba akainuka nusu, kidole juu,
akakigeukia kiti cha pili.
Kilikuwa na ungo wa maharage tuliyoanika.
Akakaa.

Nikamtilia chai. Sikuwa nawaza;
mkono uliokamua miaka yote ile
ulianza na maziwa.
Aliitazama inavyobadilika rangi,
akauliza kama sukari ipo,
akainywa.